Uji Nilioupokea Mlangoni

Mwaka huo tulikula mahindi ya njano. Ukimwuliza mtu wa umri wangu, kuanzia Kibugu kwetu Embu mpaka Makutano ya Meru, hatakutajia tarakimu. Atakuambia "ule mwaka wa njano," halafu atakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Serikali ikaleta mahindi ya meli, magumu kama changarawe, na ugali wake ulinuka gunia hata ukiupikia nini. Ati huko yalikotoka walikuwa wanalisha ng'ombe. Sisi tulikula, tukashika matumbo, tukala tena. Uji wa wimbi ukawa kitu cha kusimuliwa. Aliyekuwa na nafaka hiyo aliificha chini ya kitanda na hakumwambia hata shemeji yake. Naanza na chakula kwa sababu bila njaa hiyo hutaelewa nilichofanya, na mimi sipendi mtu anihurumie kabla hajanielewa.

Tulimzika Kathure mwezi uliopita, huko kwao Meru. Alikuwa nesi mpaka nywele zikawa nyeupe, na ndiye mtu pekee aliyejua habari hii yote. Nilisimama kando ya kaburi nikafikiri, sasa nimebaki nayo peke yangu. Siku chache baadaye wazee wanne wakaingia boma langu hapa Kibugu wakivuta kondoo dume, wakamfunga kwenye kichaka cha majani chai, wakapangusa viatu mlangoni kwa adabu kubwa. Nikajua walichokuja kufanya hata kabla hawajaketi. Nilishamwona kondoo huyo. Siyo yule yule, lakini nilishamwona.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la nne la shule. Nilipata kazi ya sabodineti katika hospitali moja ya misheni upande wa Meru. Jina lake naliacha, kwa sababu watu bado wanazaliwa pale. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki wodi ya wanaume, kumwaga bedipani, kugawa chakula, na saa saba mchana kusimama mlangoni wakati wa watu kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa ndefu, na vitanda ishirini na viwili. Mwishoni kabisa kulikuwa na chumba cha kufungia vidonda: meza moja, stuli moja ya chuma, kabati la gozi na bandeji, na dirisha la nondo. Mlango ulikuwa mmoja. Ukiingia humo, yeyote anayesimama mlangoni ndiye anayeamua kama utatoka. Nilikipiga deki chumba hicho kila siku kwa miezi saba na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Siku hizi nikiingia mahali popote, hata kanisani, kwanza natafuta mlango wa pili. Watoto wangu hunicheka. Wacha wacheke.

Nililala chumba kimoja na Kathure katika nyumba za wafanyakazi. Yeye alikuwa sista wa wodi, yaani nesi msimamizi, na mimi nilikuwa mwosha choo chake. Lakini jioni tulipika sufuria moja, na alinifundisha kutandika kitanda cha mgonjwa bila kumwondoa mgonjwa. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sauti ya mtu mrefu. "Rwamba," aliniambia, "hospitali ni mahali watu wanakuja wakiwa wameogopa. Mtu mwenye woga ni kama ng'ombe kwenye daraja. Usimchape, na usisimame nyuma yake." Alilijua hilo, na bado likampata.

Mzee aliitwa M'Ikiara. Utumbo wake ulikuwa umejikunja na alikuwa apasuliwe siku hiyo hiyo mchana. Kathure akatundika kadi kwenye chuma cha kitanda. Kadi ilikuwa ya Kiingereza. Daktari aliielewa, yeye aliielewa, na watu wengine wote wa wodi, mimi nikiwamo, tuliona karatasi tu inayoning'inia. Lakini mimi aliniambia kwa mdomo, siwezi kusema hakuniambia: "Huyu mzee asitiwe kitu mdomoni. Hata maji. Mimi naenda kuandaa thieta ya upasuaji. Wewe simama hapa." Hakuniambia kwa nini. Hiyo kwa nini ilikuwa ya watu wenye vyeti.

Saa saba akaja mwanawe, Mwiti, kijana wa mabega, mtu wa kubeba mbao pale Makutano. Alikuja na kibuyu. Alipofungua kizibo, wodi nzima ikageuka. Wimbi! Wimbi lililochachuliwa, la kweli, kama la nyumbani. Kuna mgonjwa mmoja aliyekuwa na mguu kwenye plasta, Wa-Plasta tulimwita, akasema, "Leo nitapona kwa kunusa."

"Mzee asile," nikasema.

"Asile kwa nini?"

"Sista amesema."

"Amesema kwa nini?"

Nikaitazama ile kadi nisiyoweza kuisoma.

"Sikiza, mwari," akasema polepole, na hakuwa mkali, wacha niseme ukweli, siku hiyo mwanzoni hakuwa mkali. "Baba yangu ana siku nne hajaweka kitu tumboni. Nyinyi mnampa ugali wa njano anautapika. Mama yangu ameuza kuku wa mwisho akatafuta wimbi hili mpaka Tigania. Sasa unataka mzee akatwe tumbo likiwa tupu? Hata mbuzi hulishwa." Halafu akamimina kikombe, akakijaza, akanipa mimi. "Anza wewe. Uone hakuna sumu."

Nikanywa. Sina maneno ya kuzunguka hapo. Nilikunywa kikombe chote nikiwa nimesimama mlangoni, kilikuwa vuguvugu, na machozi yalinitoka kwa utamu. Nilipomrudishia kikombe nilichukua tambara langu nikapiga magoti chini ya dirisha la mbali, nikasugua sakafu iliyokuwa imeshang'aa, mgongo wangu ukiwa kwenye kitanda cha mzee. Nilisikia akimeza. Nilimsikia Mwiti akimwambia, "Pole pole, baba." Ilikuwa sauti ya upendo. Mpaka leo nikisikia mtu akimwambia mgonjwa pole pole, nageuka nione kuna nini kikombeni.

Mzee hakutoka thieta akiwa hai. Alipopewa dawa ya usingizi uji ulipanda, ukashuka mahali pa pumzi. Daktari alikuja wodini na aproni bado imefungwa, akauliza mbele ya wagonjwa wote, "Nani alimlisha huyu mtu?" Wa-Plasta alitazama dari. Kathure alinitazama mimi, akashuka na macho mpaka kwenye mkono wa yunifomu yangu, mahali nilipopangusia mdomo. Kulikuwa na doa la kahawia. Alilitazama muda wa kuhesabu mpaka tatu. Halafu akamgeukia daktari akasema, "Wodi ni yangu, daktari."

Basi. Maneno manne. Na mimi nikasimama pale na beseni langu nikamwacha ayaseme.

Mwiti aliitwa chumba cha kufungia vidonda apewe habari, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine. Kathure akaniambia niingie naye, mtu asipewe habari ya kifo bila kiti na maji. Kwa hivyo mimi nilibeba maji. Stuli akapewa yeye. Kathure alimwambia vizuri, kwa Kimeru, bila kuzunguka. Mwiti aliyaweka maji sakafuni. Kisha akauliza, "Mlimpa nini?" Kathure akasema, "Tumbo lake lilikuwa na chakula." Alisema hivyo tu. Hakusema cha nani. Mwiti akasimama, na aliposimama mlango ukapotea nyuma ya mabega yake.

"Mmemuua halafu mnasema ni chakula? Chakula kinaua mtu? Mwaka huu?"

Alichukua ile stuli. Kathure aliinua mkono wa kushoto na nikausikia ukivunjika, kama kuni kavu ya mti wa kahawa. Pigo la pili lilimpata jichoni. Aliangukia kabati, gozi zikamwagika juu yake nyeupe nyeupe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Nilisukuma meza ikawa katikati yetu na yeye, tukawa mimi na Kathure kwenye pembe, dirisha la nondo mgongoni, na Mwiti akiipiga ile meza na stuli huku analia. Analia! Kamasi zinamtoka, anaita baba, baba, na kila baba ni pigo. Nilitoa mikono nje ya nondo nikapiga mayowe. Niliona watu wa foleni ya dawa wakigeuka kunitazama, mama mmoja akifunika mtoto wake uso. Hakuna aliyejua aingilie wapi. Mlinzi alikuwa kwenye geti kuu, mbali, akifungulia gari la daktari. Aliyetuokoa ni Wa-Plasta. Aliruka na mguu mmoja wodi nzima, akamnasa Mwiti shingo na mkongojo wake, wakaanguka wote wawili. Wengine ndipo wakaja. Na katika muda wote huo, Mwiti akipiga, kuna kitu kilikuwa kinaniambia kichwani, kwa utulivu kabisa: mwambie ni wewe. Mwambie ni wewe na yeye. Sikumwambia. Nilishika meza.

Wiki zilizofuata ndizo zilikuwa jela. Kathure alikaa chumbani, mkono umefungwa plasta kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko, jicho limefura kama embe. Na ni wa kushoto, na yeye alikuwa mtu wa kushoto, na wa kulia ulikuwa umeteguka alipoangukia kabati, kwa hivyo nilimlisha. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, ninakata tonge la ule ugali wa njano, nachovya kwenye mboga, naweka mdomoni mwake. Anafungua, anatafuna, anatazama ukuta. Chumba kilikuwa na hatua tano kwa nne. Hatukuwa na mahali pa kuweka macho. Siku moja sikuweza tena, nikauliza, "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ungefukuzwa siku hiyo hiyo. Ungeenda wapi, na njaa hii?"

"Na wewe?"

"Mimi nina cheti. Mkono hupona." Akafungua mdomo, akangoja tonge. Nilipokawia akasema, "Lisha, Rwamba. Usinipe machozi, sijaomba machozi."

Lakini nilikuwa nikimsikia. Mtu akikohoa nje anaruka. Alisogeza kitanda chake mpaka kikazuia mlango, na tukitaka kutoka tunakivuta wote wawili. Mtu aliyenifundisha kutoogopa wagonjwa sasa aliogopa mlio wa viatu.

Siku moja nilikuwa naosha madirisha ya ofisi kwa nje nikasikia maongezi. Katibu wa hospitali alikuwa na wazee wa ukoo wa Mwiti. "Sisi hatutaki polisi," katibu anasema, "hospitali inaishi na watu." Mzee mmoja akasema hata wao hawataki, watoto wamekosana, na watoto wakikosana wazazi huleta kondoo. "Na huyo kijana?" katibu akauliza. "Kijana ana aibu. Yuko kwa mjomba wake. Tutamsemea." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaomaliza kazi. "Wasichana wakishatafuna, imekwisha," akasema yule mzee. "Atakayeirudia ndiye atakuwa na makosa."

Ndivyo desturi ilivyo, na siyo mbaya, sikiza nikuambie. Nimeona koo mbili zilizotaka kukatana mapanga zikila kondoo mmoja na wajukuu wao wakaoana. Aliyekosewa hupewa kipande cha kwanza. Akikitafuna, neno limezikwa. Lakini nilivyofundishwa na nyanya yangu, aliyekosea hukaa pale. Hukaa chini, hutazamwa, na husema alichofanya kabla ya kisu kugusa nyama. Hawa walikuwa wanaleta kondoo bila mtu. Nilimwambia Kathure. Akafikiri. "Nitakula," akasema. "Nimechoka kusukuma hiki kitanda."

Ikawa Jumamosi, adhuhuri, nyuma ya jikoni ya hospitali. Nyama ya kuchoma, mwaka ule! Wapishi walikuwa wamesimama madirishani kama kwaya. Wazee walikuwa watano, katibu, daktari mwisho wa benchi akitazama saa yake, na Kathure amevaa yunifomu safi na ile plasta. Katibu aliomba. Alimshukuru Mungu kwa amani, kwa ujirani, kwa kondoo. Hakuutaja mkono. Mzee akakata kipande kizuri cha mbavu, kinachuruzika mafuta, akamnyooshea Kathure, halafu akaona plasta, akacheka kwa huruma. "Huyu mama hana mkono. Wewe msichana, si ndiye humlisha? Mlishe." Akakiweka kwenye kiganja changu.

Kilikuwa cha moto. Nakikumbuka uzito wake. Mate yalinijaa mdomo, siwezi kukudanganya, mwili hauna haya. Kathure alifungua mdomo kama alivyofungua kila siku chumbani, na jicho lake lililofura lilikuwa limeanza kuona, na yote mawili yalinitazama. Nikajiona. Nilikuwa nimeshakula mara moja cha kunifunga mdomo, nikiwa mlangoni, na mzee wa watu akafa na huyu akavunjwa. Sasa nilipewa tena, na safari hii niufunge hata mdomo wa mwenzangu, kwa mkono wangu.

Nikairudisha nyama kwenye sahani. Nikasema, "Hiyo nyama sili, na similishi mtu. Mwenye mkono aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake."

"Wee!" katibu akaruka. "Kaa chini!"

"Sijamaliza. Mkono mwingine ni huu hapa." Nikauinua. "Mzee alikunywa uji. Mwiti ndiye alimpa, na mimi ndiye niliyefungua mlango. Nilipewa kikombe nikanywa, nikageuza mgongo. Sista hakujua. Sista alipigwa kwa kosa langu na la Mwiti, na akanificha. Sasa mimi nimesema changu. Na yeye aje aseme chake."

Mzee wa kisu alikishusha mezani polepole sana. Mmoja alitema mate kando akasema msichana wa Embu amekuja kutuharibia, na mwingine, mkubwa wao, akasema, "Nyamaza, Kirimi. Amesema ukweli wa kondoo." Kathure alifunga mdomo wake. Akasimama, akaisukuma sahani kwa kiwiko cha plasta mpaka katikati ya meza, akaenda zake. Nyama ile walikula wapishi, nimeambiwa. Vizuri. Walikuwa na njaa.

Nilifukuzwa Jumatatu. Katibu hakuniuliza swali hata moja. Nilirudi Kibugu na kibegi, nikachuma majani chai ya watu, na miezi mingi hapakuwa na siku sikujiuliza kama nilikuwa shujaa au mjinga. Nilikuwa na njaa zaidi, hilo nalijua. Ni Kathure aliyekuja kuniona mvua iliporudi, amebeba mahindi meupe kwenye kiondo. Mkono ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo. Akaniambia Mwiti alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi saa saba mchana, mbele ya vitanda vyote, akasema, "Ni mimi nilimpa baba uji. Na ni mimi nilimvunja sista." Alisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikataa. Kathure alimwambia aingie akae. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia akae.

Na akaniambia mengine. Chumba cha vidonda kilitobolewa mlango wa pili upande wa foleni ya dawa. Daktari mwenyewe ndiye aliyekataa kufanyia kazi humo mpaka watoboe. Mlinzi alihamishwa kutoka getini akaletewa kiti wodini. Na ile kadi ya Kiingereza, Kathure aliitupa. Badala yake alianza desturi yake mwenyewe: mgonjwa akikatazwa kula, anamtafuta jamaa mwenye sauti kubwa kuliko wote, yule mgomvi, anamweleza kwa lugha ya kwao kwa nini, anamfanya arudie kwa maneno yake, kisha anamkalisha kando ya kitanda na kumwambia, "Wewe ndiye mlinzi wa mdomo wake. Mtu akileta chakula, akupite wewe kwanza." Alifanya hivyo miaka yake yote. Aliniambia hakuna mlinzi aliyemshinda mgomvi aliyepewa kazi.

Haya. Sasa mjukuu wangu Wanja ni nesi, na najivuna naye mpaka majirani wamechoka. Amepangiwa zahanati huko chini karibu na Kiambere, kwenye joto, yeye na mwenzake mmoja. Mwezi uliopita dawa ziliisha. Hakuzimaliza yeye. Mwanamume mmoja aliyemleta mtoto wake alimpiga makofi mawili, akamsukuma ndani ya stoo ya dawa, akafunga kwa nje, akaondoka na ufunguo. Muda wa saa tatu alikaa humo. Joto la Kiambere, stoo ya mabati, mlango mmoja. Alikuja kwangu akalala siku mbili bila kuvua viatu. Nilimwona akivuta kitanda chake kuelekea mlangoni nikatoka nje nikashika ukuta.

Ndiyo sababu wazee wale wanne walikuja na kondoo. Walimleta kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na mkubwa akitafuna, nyumba imetafuna. Niliwapa chai. Walisema vizuri sana, watu wenye heshima. Kijana ana aibu, wakasema. Amebaki nyumbani. Sisi tutamsemea, cucu, wakaniita, yaani nyanya.

Nikawaomba ruhusa nikaingia jikoni. Wanja alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia yote.

"Unataka nini?" nikamwuliza. "Usiniambie kinachofaa. Unataka nini?"

"Nikikataa watasema nina madharau, cucu. Nitarudi kufanya kazi na watu wale wale."

"Sijakuuliza watasema nini."

Akajifuta pua na kiganja kama alivyokuwa mdogo. "Nataka anitazame," akasema. "Nataka aseme alinifungia."

Nikarudi sebuleni. Sikukaa. Chai yao ilikuwa bado inatoa moshi, na nje kondoo alikuwa anakula majani chai yangu. Mimi nina meno sita, na nyama siku hizi hunisumbua hata ikichemshwa, lakini siyo meno niliyotoa kama sababu. Niliwaambia, na maneno sikuyatafuta, yalikuwa yamekaa yananingoja tangu mwaka wa njano:

"Hiyo nyama sili, na similishi mtu. Mwenye mkono aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake."